Moyo wa Mfano

Fundi mpaka rangi alilala ubavu wa kushoto, akanyanyua mkono juu ya kichwa kama alivyoelekezwa. Dada Jeli akampaka kifuani ile jeli ya baridi, akagusisha kichwa cha mashine ya picha ya moyo katikati ya mbavu, akaangalia skrini. Kisha akakiondoa. Akakifuta kwa karatasi laini, akapaka jeli upya, akakirudisha palepale. Picha ilikuwa ileile. Moyo wa yule bwana ulikuwa uchi.

Hakuwa na neno jingine la kuuelezea. Kwa miaka tisa ndani ya chumba kile kidogo cha ghorofa ya pili alikuwa ameona mioyo iliyotanuka kwa uchovu, mioyo yenye milango inayovuja, hata mmoja uliokaa upande wa kulia wa kifua, na mwenye nao alikuwa babu wa miaka sabini aliyezaa na kupata wajukuu bila kujua lolote. Hakuna uliowahi kumtoa kijasho. Huu ulimtoa. Ulikuwa unadunda nyama tupu, hauna chochote pembeni yake, kama mtu aliyetoka bafuni bila taulo akakuta sebule imejaa wageni.

"Kuna nini, dada?" mpaka rangi akauliza. Alikuwa mwembamba, ana madoa ya rangi nyeupe hadi kwenye nyusi, na alikuja kupimwa kwa sababu tu ya upasuaji wa ngiri aliopangiwa wiki ijayo.

"Hakuna kitu. Tulia, usiongee."

"Mbona umekunja uso?"

"Ndivyo nilivyoumbwa."

Jina la Jeli alipewa na wagonjwa, na wala hawakumwonea. Vyumba vingine wanapasha jeli kwenye maji ya moto kidogo, mgonjwa asishtuke. Yeye alisema moyo ukishtuka kidogo unaonekana vizuri zaidi. Uongo mtupu. Alikuwa mvivu wa kuchemsha maji, basi. Lakini kwa mengine yote alikuwa mtu wa kazi hasa, wa aina ile inayowahi kabla ya mfagizi na kufunga mlango mwenyewe jioni, na pale hospitalini neno lake lilikuwa na uzito. Jeli akisema moyo uko sawa, watu walikuwa wanavaa shati na kwenda zao.

Sasa, ili umwelewe, lazima uijue desturi yake ya asubuhi. Aliyemfundisha kazi ni mzee mmoja waliyemwita Babu Kipimo, ambaye alishastaafu. Mashine ya wakati huo ilikuwa kuukuu na ilidanganya. Siku nyingine ilitoa vivuli visivyokuwepo, siku nyingine ilificha vilivyokuwepo. Dawa ya Babu Kipimo ilikuwa nyepesi. Kabla ya mgonjwa wa kwanza, jipime mwenyewe. Moyo wako unaujua, kwa hiyo ukiuona vizuri, mashine ni timamu. Halafu iache picha hiyo upande wa kushoto wa skrini kutwa nzima, na wagonjwa uwaweke kulia. Jicho halina kumbukumbu, alimwambia, lipe kitu cha kulishikilia.

Jeli aliishika desturi hiyo kuliko alivyoshika kitu kingine chochote maishani, mume akiwemo, maana mume alishaondoka. Mashine mpya zikaja, zisizodanganya, naye hakuacha. Kila siku saa moja na nusu alijifungia, akafungua vifungo vya sare, akajipaka jeli yake mwenyewe akiguna kwa baridi, akaupiga picha moyo wake na kuuandikia neno moja: MFANO. Wa leo ulichukua nafasi ya wa jana. Mgonjwa akiuliza wa kushoto ni wa nani, alijibu kwamba ni wa mtu mzima mwenye afya yake. Wala hakuona kama anajisifu, kwa sababu hajawahi kulazwa, hajawahi hata kuomba ruhusa ya ugonjwa.

Na wa kushoto siku hiyo ulikuwa kama siku zote. Umetulia ndani ya mkanda wake mnene wa kijivu cheusi, uliozunguka nje ya ukuta wa moyo. Mkanda ulicheza pamoja na moyo: moyo ukijikunja, nao unajikunja, ukilegea, nao unalegea, polepole, kama kitu kinachovuta pumzi kwa pamoja nao. Karibu watu wazima wote waliopita pale walikuwa nao, wengine zaidi, wengine pungufu kidogo. Jeli aliuzoea kiasi kwamba aliuhesabu kuwa sehemu ya moyo, na kwenye fomu aliandika "kawaida" bila kuinua kalamu. Kwenye fomu ya mpaka rangi aliandika: "Moyo hauna kifuniko chake. Uangaliwe."

Haikupita nusu saa daktari akaja na ile fomu mkononi. Alikuwa mgeni pale, ana miezi mitatu, binti ambaye Jeli angeweza kumzaa, mpole lakini king'ang'anizi wa kuuliza.

"Dada Jeli, samahani. Kifuniko ndiyo nini?"

"Njoo uone mwenyewe." Jeli akamvutia kiti. "Huyu hapa kulia. Umeona? Hana kitu. Moyo umekonda mpaka umebaki wenyewe."

Daktari akainama. Akaangalia muda mrefu. "Lakini huu ndio moyo mzuri," akasema. "Sijaona moyo mzuri hivi tangu nije hapa."

"Mzuri vipi? Mlinganishe na huu wa kushoto."

Daktari akahamisha macho kushoto, na Jeli akaona kitu ambacho hakukipenda. Uso wa yule binti ulibadilika taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Akasogeza kishale cha skrini, akaweka nukta moja kwenye ukingo wa ndani wa ule mkanda, nyingine ukingo wa nje. Mashine ikaandika namba. Milimita tisa. Akafanya hivyohivyo kwa mpaka rangi. Milimita mbili.

"Huyu wa kushoto ni mgonjwa wetu?"

"Ni wa hapahapa," Jeli akasema.

"Mwanamume, mwanamke?"

"Mwanamke. Arobaini na sita."

"Ana kitambi?"

Jeli akajifanya anafunga chupa ya jeli.

"Lazima anacho," daktari akaendelea, macho bado kwenye skrini. "Haya ni mafuta, dada. Yanajishika kwenye moyo wenyewe. Mara nyingi mtu akiwa nayo hivi, kiuno kimeshatanuka, presha imeshapanda, sukari inaanza kupotea njia, mafuta kwenye damu nayo ndiyo hayo. Vinatembea pamoja. Huyu akija kwangu simruhusu apande hata ngazi kabla sijampima. Anasemaje, anachoka?"

"Hajasema kitu."

"Hawasemi. Wanazoea."

Jeli alitaka kucheka, ile ya kumnyamazisha mtoto anayejifanya anajua, lakini cheko halikuja. Akauliza, kwa sauti aliyojitahidi iwe ya kikazi, mafuta yana ubaya gani kama yamekaa tu.

"Yangekuwa yamekaa tu, tungeyaacha. Hayajakaa." Daktari akagusa skrini kwa kucha. "Yako hai. Yanatengeneza vitu na kuvitoa, muda wote. Na kati yake na nyama ya moyo hakuna ukuta, hakuna hata karatasi. Damu inayolisha moyo ndiyo hiyohiyo inayoyalisha. Kwa hiyo chochote yanachotoa, moyo unakipokea moja kwa moja. Yakiwa machache yanausaidia, yanaulinda. Yakizidi yanageuka."

"Yanageukaje?"

"Yanaanza kuutia sumu kidogokidogo. Na mishipa yake." Akasimama. "Mtafute huyu mama, dada. Mwambie aje kwangu."

Wagonjwa walipoisha mchana, Jeli alifunga mlango. Jua lilikuwa la saa saba, limejaa chumbani, na nje alisikia watu wa jikoni wakigombana kuhusu vikombe. Hakuna cha kuogopa mchana kweupe. Akafungua hifadhi ya mashine. Alikuwa anajua, bila kuwahi kulifikiria, kwamba mashine haifuti kitu. Picha mpya ikichukua nafasi, ya zamani inashushwa chini tu, na kila walipoleta mashine mpya yule fundi alihamisha hifadhi yote. Akaandika neno MFANO, akabonyeza.

Zilikuwa zaidi ya elfu mbili. Asubuhi zake zote, zimepangwa kwa tarehe.

Akaanza na ya kwanza kabisa. Ilikuwa ya mashine kuukuu, yenye chengachenga, lakini moyo ulionekana. Nao ulikuwa uchi. Moyo wa mwanamke wa miaka thelathini na saba, unadunda peke yake, nyama tupu, hauna tofauti na wa mpaka rangi. Jeli akasogea karibu na skrini. Hakuutambua. Angeapa kwamba ni wa mtu mwingine.

Akaweka picha zijifuate zenyewe, moja baada ya nyingine, kwa kasi. Mwanzoni hakuona kitu. Kisha uzi. Ukingo wa kijivu mwembamba uliotokea nje ya moyo, ukakaa. Mwaka ukapita kwa dakika, na uzi ukawa utepe. Haukuongezeka siku yoyote. Alirudisha nyuma, akatafuta siku ulipoongezeka, akalinganisha Jumatatu na Jumanne, Jumanne na Jumatano, na kila mara zilikuwa sawasawa kabisa. Lakini akiachia picha zitembee, kilikuwa kinakuja. Kilikuja kimya kimya, kwa subira ya ajabu, kikauzunguka moyo, kikaukumbatia, kikaanza kupumua nao. Na kila asubuhi yeye mwenyewe alikuwa amekaa hapohapo kwenye kiti hiki, amefungua vifungo, anakitazama uso kwa uso na kukiandikia kwamba ndicho mfano. Alijifunga vifungo vya sare hadi shingoni, ingawa hakuna aliyekuwa anamwona.

Akatoka, akamkuta daktari chumbani kwake anamenya chungwa.

"Yule mama wa kushoto ni mimi," Jeli akasema.

Daktari akaweka chungwa chini. Hakuonyesha mshangao, na kwa hilo Jeli alimshukuru. Aliuliza swali moja tu. "Nani mwingine umempima kwa kumlinganisha na huyo?"

"Wote."

Daktari akafuta maji ya chungwa vidoleni. Kisha daktari akaanza kusema yale ya kumtuliza, na yalikuwa ya kweli: kwamba ule mkanda hospitali yenyewe haikuwa inaudai kwenye fomu, kwamba kila mgonjwa aliyepita pale alipimwa presha na damu kabla hajafika kwenye picha, na aliangaliwa na daktari baadaye, kwamba faili zitapitiwa zote, na atakayehitajika ataitwa. Hakuna mtu aliyekwenda nyumbani na neno la Jeli peke yake.

Jeli alikuwa anaitikia kwa kichwa, na katikati ya kuitikia akasimama ghafla. Yupo mmoja. Aliingia kwa mlango wa nyuma jioni, miezi minane iliyopita, hana faili, hana fomu, hakumwona daktari yeyote. Alilala kitandani akicheka kwa baridi ya jeli, na Jeli akamwonyesha skrini, kulia na kushoto, wakacheka pamoja kwa jinsi mioyo ilivyofanana. Alikuwa kaka yake.

Ni pacha wake, kusema kweli. Alimtangulia kuzaliwa kwa dakika kumi na mbili, na kwa dakika hizo kumi na mbili amemwita mdogo wangu kwa miaka arobaini na sita. Ni fundi cherehani, ana duka lake mtaa wa tatu kutoka hospitalini, chumba kirefu chembamba chenye majora ya vitambaa hadi darini na ngazi ya mbao ya kupandia stoo ya juu. Jeli alimkuta amekaa, miguu kwenye kanyagio, anashona mguu wa suruali. Futi ilikuwa shingoni, tumbo limelala mapajani. Jeli alimwangalia kama hajawahi kumwona. Lini tumbo lile lilifika pale?

"Mdogo wangu, leo umetoroka kazini? Dunia inakwisha?"

"Nipime kiuno," Jeli akasema.

"Unataka sketi?"

"Nipime."

Akanyanyuka kwa kujisukuma na meza, akamzungushia futi, akaikutanisha mbele. "Inchi arobaini na moja," akasema.

"Hujaangalia hata namba."

"Naijua."

"Umeijuaje?"

Kaka akakuna shavu kwa chaki. Alikuwa na daftari la vipimo vya wateja, nene, lenye mafuta ya mashine kwenye jalada, na alilifungua kwenye ukurasa wa pacha wake bila kutafuta. Kiuno: thelathini na moja. Mwaka uliofuata, thelathini na mbili. Thelathini na tatu. Zilishuka ukurasa mzima kwa mwandiko wake mzuri.

"Mbona sijawahi kusikia sare inanibana?"

"Kwa sababu ukiniletea sare nitie kifungo, nafungua na mishono ya kiunoni, naachia kidogo. Kidogo tu. Mimi si fundi wa kumbana pacha wake." Akacheka. "Ningekwambia ili iweje? Ununie dunia nzima mwezi mzima? Nakujua."

Jeli hakucheka. Akavuta kigoda, akamweleza. Hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema yote, picha elfu mbili, mkanda, milimita tisa, mpaka rangi, na jinsi alivyokaa miaka tisa akijifananisha na jana yake. Mwisho akasema, "Ule wako nilikuonyesha ni kama wangu. Ulikuwa kama wangu kweli. Nilikupima kwa futi ya namna hiyo hiyo unayonipimia wewe."

Kaka alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya futi.

"Kuna mkono," akasema.

"Mkono gani?"

"Nikibeba jora kupanda juu. Unawekwa hapa." Akagusa katikati ya kifua, siyo kwa kidole bali kwa kiganja kizima. "Lakini kwa ndani. Mzito, kama wa mtu anayetaka nimgeukie. Nikisimama unaondoka. Sasa kila mkono huo ukija huwa naongea nao. Nauambia, pacha wangu ameangalia humo kwa macho yake mawili, hakuna mtu."

Jeli akasogeza kigoda. "Umeanza lini?"

"Ulikuwepo kabla sijaja kwako. Ndiyo maana nilikuja. Ukasema niko sawa, nikaona basi, ni uchovu." Akasimama, akaenda ukutani kwenye misumari anakotundika karatasi za kukatia mitindo, akachagua moja, akampa. Ilikuwa umbo la kola ya shati. Jeli aliigeuza. Nyuma kulikuwa na mwandiko wa mtu wa zahanati, umekatwa na mkasi pande zote: presha mia sitini na nane kwa mia na mbili, sukari imepanda, kisha "apelekwe kwa daktari wa moyo har", na hapo karatasi iliishia kwenye pindo la shingo.

"Walinipa wiki moja kabla hujanipima," kaka akasema. "Ulipomaliza nikaona karatasi nzuri, ngumu, ya nini kuitupa."

Alikuwa ameshona kola ngapi kwa karatasi ile? Jeli hakuuliza. Alikuwa na hasira, na hakujua aielekeze wapi, kwa hiyo aliielekeza kwake mwenyewe, ambako ndiko ilikokuwa imetoka.

"Mara ya mwisho umekuja lini huo mkono?"

"Leo."

"Ulibeba nini?"

"Sijabeba kitu. Nilikuwa nimekaa hapa nashona." Akaangalia chini. "Bado haujaondoka vizuri."

Jeli akainuka. Akachomoa waya wa pasi ukutani. Kaka akaanza kusema kwamba kuna mteja wa suti, anakuja kesho saa nne, amemaliza mguu mmoja tu. Jeli akainama chini ya cherehani, akauvua mkanda kwenye gurudumu, akautia mfukoni. Hapo kaka akaelewa kwamba hakuna mjadala. Walisimamisha teksi kwa umbali ambao mtu mzima anautembea kwa dakika kumi. Kaka aliweka kiganja kifuani, na Jeli aliangalia kile kiganja, kinavyopanda na kushuka.

Daktari hakupoteza muda. Alimlaza, akampa kidonge cha kutafuna, akambandika waya za kupima mapigo kifuani, akatoa damu, akazungusha futi kiunoni. Presha ilikuwa imepanda kuliko ile ya kwenye kola. Karatasi ya mapigo ilipotoka aliisoma mara mbili, akapiga simu hospitali kubwa, akaomba gari, kisha akavuta kiti karibu na kitanda. Alisema kuna mambo matano wanayoyaangalia kwa pamoja: kiuno, presha, sukari, mafuta mabaya kwenye damu, na upungufu wa yale mazuri. Matatu yakipatikana ndani ya mtu mmoja, mwili umeshavurugika namna yake ya kutumia chakula, na moyo uko njia panda. Kaka alikuwa nayo yote matano. Mshipa mmoja wa moyo ulionekana umebanwa, na bahati yake ni kwamba haujaziba.

"Tumewahi," daktari akasema. "Siyo kwa muda mrefu, lakini tumewahi. Gari linakuja. Kabla halijafika nataka picha ya moyo, niwatumie."

Walikuwa wameshamsogeza kwenye chumba cha Jeli. Upande wa kushoto wa skrini hapakuwa na kitu. Jeli alikuwa ameondoa picha ya MFANO kabla ya kwenda kwa kaka, na nusu ile ilibaki nyeusi. Mikono yake ilifanya kazi yenyewe. Ilichukua chupa, na kwa mara ya kwanza aliishika kwanza kati ya viganja viwili ipate joto. Akamsaidia kaka kugeuka ubavu wa kushoto. Akaminya jeli kwenye kichwa cha mashine na kunyoosha mkono.

Kaka akamshika kiwiko. Hakumshika kwa nguvu.

"Siyo wewe, dada," akasema.

Hakuwa na hasira. Alisema kwa upole, kama mtu anayekataa chai ya pili, na ndiyo iliyomuumiza zaidi, hiyo na lile neno. Dakika zile kumi na mbili alikuwa amezirudisha. Alimwita kama wanavyomwita wagonjwa wengine wote wanaoingia pale wasiomjua.

"Sawa," Jeli akasema.

Akampa daktari kichwa cha mashine. Akatoka, akavuta mlango nyuma yake.

Koridoni kuna benchi refu la mbao ambalo alilipita kila siku kwa miaka tisa bila kuwahi kulikalia. Akakaa. Kuta za pale ni nyembamba, na baada ya muda mlio ulianza kuja: ule mlio mashine inaoutoa inapofuatilia damu, wa maji yanayosukumwa na kuvutwa, kusukumwa na kuvutwa. Moyo wa pacha wake ulijaa korido nzima. Alijaribu kuusikiliza kama fundi. Huu una nguvu au umechoka? Unakwenda haraka kwa hofu, au kwa jambo jingine? Kila jibu lililokuja lilikuwa na sauti yake mwenyewe, na hakuliamini. Akaweka mkono kwenye kifua chake atafute wa kwake, walau aupate huo. Ulikuwa mbali, chini ya vitu vingi, na ilimbidi abonyeze.

Mama mmoja aliyekaa mwisho wa benchi, mwenye mfuko wa nguo za mgonjwa mapajani, alimsogelea.

"Una mtu wako humo ndani, dada?"

"Kaka yangu."

"Pole. Anaendeleaje?"

Jeli akaugeukia mlango. Mlio ulikuwa unaendelea. Akausikiliza tena, kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa adabu, huku yule mama akingoja na kuzitazama zile nguo zake nyeupe, mpaka akalazimika kumjibu.

"Sijui," akasema.